Kilima Kilichoandikwa "Tulivu"

Chai ya saa nne ilikuwa imeshamiminwa, na sukari imeshagombaniwa, pale wafanyakazi wa Idara ya Jiolojia walipokaa kuzunguka meza ndefu ya chumba cha kuchorea ramani ili wajadili neno moja. Meza ilikuwa na makovu ya vikombe vya moto. Mguu wake mmoja, uliovunjika zamani, ulikuwa umeegemezwa juu ya kipande cha mwamba ambacho kibandiko chake kilisema kilikuwepo duniani kabla ya samaki. Katika idara nzima, mwamba ule ndio uliokuwa mtumishi pekee aliyebeba mzigo tangu asubuhi mpaka jioni bila kuomba ruhusa.

Neno lililokuwa mezani ni "lililolala".

Ramani mpya ya mji ilikuwa tayari kupigwa chapa. Ilikuwa ya kwanza kuandikwa kwa lugha ya watu, ili, kama Mkurugenzi alivyopenda kusema, hata mama wa nyumbani aisome bila mkalimani. Pembeni mwa ramani kulikuwa na ufunguo wa rangi, na kila rangi ilikuwa na maelezo yake. Rangi iliyoleta maneno ni nyekundu, iliyopakwa kwenye mteremko wa kilima cha upande wa juu wa mji.

Aliyeipaka ni mjiolojia mmoja, mwanamke, ambaye watu walimwita Bi Mawe kwa sababu kila gauni lake lilikuwa limetoboka mfuko. Kiangazi chote alikuwa ameuzunguka mteremko ule na nyundo yake. Aliona miti iliyopinda magoti, kijito kilichohama njia yake, na kovu kubwa lililofichwa na nyasi. Zamani kilima kile kilianza kuporomoka chote kwa pamoja, kikasita katikati ya safari. Kazi ya jiolojia ina jina la kitu hicho, na Bi Mawe aliliandika kama lilivyo: poromoko lililolala.

Mkurugenzi, mtu mpole aliyenukia sabuni, aliuliza kama hakuna neno lenye adabu zaidi. Kulala, alisema, ni mambo ya chumbani. Watu wakacheka, maana bosi akifanya mzaha ni sehemu ya kazi. Afisa wa viwanja, aliyealikwa kikaoni na akaja na biskuti zake mwenyewe asizomgawia mtu, akaeleza kwamba mteremko ule umeshapimwa na umeshakatwa viwanja. Mtu akisoma kwamba kitu kimelala, alisema, ataanza kuuliza kitaamka lini.

Bi Mawe akasema hilo ndilo swali lenyewe, na ramani imechorwa ili watu waliulize.

"Mwanangu," Mkurugenzi akamwambia, kwa upole uleule, "sisi tumewekwa hapa kujibu maswali, si kuyazalisha."

Chai ilipokwisha, "poromoko lililolala" lilikuwa limekuwa "eneo tulivu", na wekundu ukawa kijani cha mchicha. Kumbukumbu za kikao zikasema neno limeboreshwa. Juu ya geti la idara palikuwa na kibao kikubwa cha bati: TUNAIJUA ARDHI KWA NIABA YAKO. Na kibao hakikudanganya. Walikuwa wakiijua wao, kwa niaba, ili wewe usipate taabu ya kuijua.

Viwanja viliisha haraka, kwa kuwa utulivu ni bidhaa adimu. Mji ulikuwa umejaa mashine za kusaga, vibanda vya kuchomea vyuma na majirani wenye redio kubwa kuliko akili. Miongoni mwa walionunua alikuwemo kaka yake Bi Mawe, fundi cherehani. Alijenga vyumba vitatu na kibaraza, akaweka cherehani yake ya miguu pale kwenye kibaraza ili ashone huku akitazama mji kwa chini, akaanza kusema "watu wa bondeni" kama vile alizaliwa mawinguni.

Mvua za kwanza zilipokwisha, kilima kikaanza kukoroma.

Fundi alidhani ni mkewe. Mkewe alidhani ni fundi. Walisemana kwa muda, mke akahamia chumba cha watoto, fundi akanunuliwa dawa ya kifua, hadi mchana mmoja walipokuwa wanakula, wote wawili wakiwa macho, midomo imejaa, wakasikia mkoromo unatoka chini ya meza. Ulipanda taratibu, ukakaa, ukashuka kwa mluzi. Vijiko vikatikisika. Wakaombana radhi, wakaendelea kula.

Mtaa mzima uliuzoea kama watu wanavyomzoea baba mkwe. Mwalimu wa shule ya kule juu aliwasomea wanafunzi imla kilima kinapovuta pumzi, akanyamaza kinapoitoa. Watoto wachanga walilala bila kuimbiwa. Wanaume waliokuwa wakikoroma tangu ujana wao walipata mahali pa kusingizia. Mama mmoja mwenye vyumba vya kupanga alitangaza kwamba chake cha uani kina mkoromo mdogo, na kilipata mpangaji kabla ya vingine.

Jumapili moja Bi Mawe alikwenda kumsalimia kaka yake. Aliwapa watoto peremende, akavua viatu, akalala kifudifudi sakafuni na kutega sikio. Watoto wakalala naye, kila mmoja na sikio lake, wakifurahia mchezo wa shangazi. Alikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Mkoromo ulikuwa umebadilika. Kila ulipofika juu ulikwama kidogo, kama wa mtu ambaye bega lake limeanza kufa ganzi.

Aliinuka, akajipangusa vumbi shavuni.

"Kaka, kilima hiki kimelala."

"Si kitulivu?"

"Kimelala. Na kinataka kugeuka ubavu. Sikiliza hapo kinapokwama."

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kifundo cha kitambaa mkononi, maana hakutaka kusema aliyotaka kusema akiwa na pini mdomoni.

"Mdogo wangu, kiwanja hiki nilikinunua kwa sababu ya ofisi yako. Sikukuuliza wewe, watu wasije wakasema nimependelewa. Nilikwenda dirishani kama raia, nikaiomba ramani, ramani ikaniambia tulivu. Sasa kati yako na ofisi, nani mwongo?"

"Ofisi."

"Basi ije iniambie yenyewe. Siwezi kubomoa nyumba kwa maneno ya mtu aliyelala sakafuni kwangu."

Bi Mawe alimtazama wifi yake, mke wa fundi. Alikuwa ameyatoa masufuria makubwa kabatini na kuyapanga karibu na mlango.

Kesho yake Bi Mawe akaenda kwa Mkurugenzi kuomba jambo dogo: neno lake lirudishwe, na idara ipande kilimani kuwaambia watu wahame. Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa hodari wa kusikiliza. Watu walitoka ofisini kwake wamefarijika, na barazani ndipo walipogundua kuwa hawakupewa kitu. Alikuwa anaandaa hotuba ya uzinduzi wa ramani, yenye kichwa "Mchango wa Jiolojia katika Kuihudumia Jamii", na akamsomea kipande kinachohusu visima vya maji, madini na ujenzi salama. Kilikuwa kimeandikwa vizuri sana. Kisha akaahidi kutuma wataalamu.

Wataalamu walifika na vipima mitetemo, wakavitia kwenye mashimo, wakala chakula cha mchana kivulini mwa nyumba ya fundi. Taarifa yao ilithibitisha kwamba kilima kinakoroma. Usingizi wake ni mzito wa wastani. Hapakuwa na sababu ya kuwasumbua wakazi, ila ilishauriwa wakazi nao wasikisumbue kilima.

Kwa hiyo yakaja mabango. Yaliwekwa kila kona, meupe, na nembo ya idara: ENEO TULIVU. TAFADHALI NONG'ONA.

Kuanzia hapo watu wa kilimani wakanong'ona. Kengele ya shule ilifungwa kitambaa, na mwalimu akafundisha kwa chaki peke yake. Majogoo walichinjwa. Misumari ilipigwa kwa nyundo iliyovikwa soksi. Fundi aliambiwa avike viatu vya mpira miguu ya cherehani yake, akaivika, na kikanyagio akakitandikia sponji. Akawa anashona kama mtu anayeiba. Mke na mume waliogombana waliandikiana. Bibi mmoja alipofariki, wanawe walilia wakiwa wameuma mito.

Baada ya muda mfupi mtaa ule ukawa mahali penye ukimya kuliko popote katika nchi. Afisa wa viwanja alipanda siku moja, akasimama, akasikiliza, akaridhika. Aliandika kwamba ramani imethibitishwa na hali halisi: eneo ni tulivu. Ndivyo neno lilivyogeuka kuwa kweli bila idara kubadilisha hata herufi, na mzigo wa kulifanya kweli wakabebeshwa waliodanganywa nalo.

Bi Mawe akaomba likizo, akaitumia kupita nyumba kwa nyumba. Aligonga mlango kwa kidole kimoja, akaingia, akanong'ona kwamba kilima kitageuka na watu wahame. Huko ndiko alikojifunza ubaya wa mabango yale. Huwezi kumtisha mtu kwa kunong'ona. Hatari ikinong'onwa inasikika kama umbea. Watu walisogeza masikio karibu, wakatabasamu, wakauliza kwa kunong'ona nani mwingine anajua. Mzee mmoja alidhani anatongozwa, na alijibu kwa heshima kwamba ameoa.

Waliokuwa na pa kwenda walikwenda. Wifi aliwapeleka watoto kwa mama yake, na masufuria yale, akabaki huko. Wengi hawakuwa na pa kwenda. Walichokuwa nacho chote kilikuwa kimesimama pale juu, kimepigwa plasta na kupakwa rangi.

Fundi alibaki kwa sababu nyingine. Idara ilikuwa imempa kazi. Uzinduzi wa ramani ungefanyika kilimani kwenyewe, ili mgeni rasmi aujionee utulivu, na ilihitajika pazia kubwa la buluu la kufunika ubao wa ramani mpaka wakati wa kufunuliwa.

"Nikilimaliza hili nahama," alimnong'oneza dada yake. "Nitakuja kukaa kwako, nikutoboe masikio kwa kelele."

"Hama leo, kaka. Pazia nitalishona mimi."

"Wewe? Kifungo chenyewe hujui kushona, mifuko yote imekutoboka." Akacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika, kama walivyozoea kucheka kule. Akakata uzi kwa meno.

Siku ya uzinduzi walikuja na jenereta, vipaza sauti vinne na bendi ya tarumbeta. Mabango ya kunong'ona yaliwahusu wakazi. Wageni walikuwa na kibali. Wakazi walipangwa pembeni, nyuma ya kamba, wakapewa bendera za karatasi na wakaelekezwa washangilie kwa kuzipunga tu. Bi Mawe, likizo yake ikiwa imekwisha, alipewa kushika sinia lenye mkasi.

Bendi ilipiga. Jenereta lilinguruma. Mkurugenzi alisoma hotuba yake yote, pamoja na sehemu ya ujenzi salama, kwenye vipaza sauti vinne. Mgeni rasmi akavuta kamba, pazia la fundi likateleza vizuri bila kukwama, na ramani ikaonekana, kijani cha mchicha kikiwaka juani. Makofi yakapigwa. Makofi yalipokwisha, watu wote waliokuwa nyuma ya kamba wakashusha bendera zao kwa wakati mmoja.

Mkoromo ulikuwa umekoma.

Wageni hawakugundua chochote, kwa sababu kwao ukimya ndio uliokuwa ajenda. Wakazi walitazamana. Hakuna aliyepaza sauti. Walikuwa wameshasahau inavyopazwa. Bi Mawe aliweka sinia chini, akamwondoa Mkurugenzi kwenye kipaza sauti kama mtu anavyosogeza kiti, akasema kwa sauti yake yote:

"Kilima kimeamka. Shukeni sasa hivi, msibebe kitu."

Lilikuwa neno la kwanza la wazi kusemwa kule na mtu wa idara. Watu walilielewa mara moja. Walitoka majumbani, wakaruka uzio, wakashika njia.

Lakini njia ilikuwa moja, nyembamba, na itifaki ilikuwepo. Magari ya wageni yalitangulia. Askari aliyesimama kwenye kona aliwazuia wakazi kwa mkono ili msafara upite, na wakazi, waliolelewa vizuri, wakasubiri. Fundi alikuwa miongoni mwao. Alikuwa ameyapuuza maneno ya dada yake. Kichwa cha cherehani kilikuwa begani kwake. Kuona magari ni mengi, alikishusha, akakaa juu ya jiwe pembeni ya njia, akaanza kupangusa vumbi kwenye gurudumu lake kwa kona ya shati. Bi Mawe alikuwa ng'ambo ya pili ya msafara. Alimwita. Fundi aliinua kichwa, akaonyesha magari kwa kidevu, kama kusema, nifanyeje sasa.

Gari la mwisho lilikuwa la bendi. Lilipopita, kilima kikageuka.

Kiligeuka taratibu, bila hasira, kama mtu mzima anayetafuta upande wenye baridi wa mto. Bega lilishuka, nyonga ikapanda, kikavuta ardhi mpaka shingoni kama shuka, nyumba na kibaraza na shule zikiwa ndani ya shuka hiyo, na jiwe alilokalia fundi, na majirani waliosimama nyuma yake kwenye foleni. Kisha kikashusha pumzi ndefu, na mkoromo ukarudi, mzuri, usiokwama popote.

Tume ya uchunguzi ilifanya kazi kwa bidii. Ilisikiliza mikanda ya uzinduzi, ikalinganisha bendi, jenereta, hotuba na makofi, ikakuta kwamba sauti hizo zote zilikuwa kwenye ratiba. Sauti moja tu haikuwa kwenye ratiba, na kwa hiyo ndiyo iliyokiamsha kilima. Waliookoka kwa sababu ya sauti ile walijaribu kueleza kwamba mkoromo ulikoma kwanza, lakini walikuwa bado wananong'ona, na mwandishi wa tume hakuwasikia. Bi Mawe aliondolewa kwenye nyundo akawekwa kwenye dirisha la kuuzia ramani. Mkurugenzi alimpa pole mwenyewe, akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

Kila Jumapili Bi Mawe na wifi yake hupanda kilimani na kukaa pale palipokuwa na ile kona. Ukitulia unaisikia cherehani chini ya ardhi. Fundi anashona. Hana tena viatu vya mpira wala sponji. Kikanyagio kinapiga kwa nguvu, sindano inakimbia, inasimama anapogeuza kitambaa, inakimbia tena. Wifi humweleza habari za watoto kwa sauti kubwa, na kama habari ni nzuri cherehani huongeza mwendo. Siku moja alimwambia kwamba mkubwa amefaulu mtihani, na kikashonwa kitu kirefu mno, pengine pazia lingine. Wakirudi nyumbani, wanawake hawa wawili hawalii. Walishachoka kulia kimya, na kulia kwa sauti ni kosa mpaka leo; mabango yamerudishwa.

Ramani imepigwa chapa mara ya pili. Kilima, baada ya kugeuka, kimepata mgongo mpana zaidi na mteremko wa kupendeza unaotazama jua linapochwa. Ufunguo unasema "eneo tulivu". Viwanja vimeshapimwa, na dirisha la Bi Mawe lina foleni.

Juzi, kwa kuwa afisa wa viwanja alikuwa na mafua, Bi Mawe aliagizwa awapeleke wateja wawili wakaone eneo, mume na mke vijana, mke akiwa na ujauzito mkubwa. Walitembea juu ya nyasi mpya. Bi Mawe hakunong'ona. Aliwaambia waziwazi, na jasho likimtoka, kwamba hapa pamelala, kwamba pakishalala huamka, kwamba chini ya miguu yao wamo watu na mmoja wao ni kaka yake.

Mke alimsikiliza kwa adabu, mkono tumboni. Kisha akainua kidole, kuomba kimya kidogo. Kutoka chini, karibu sana, ilisikika cherehani ikikimbia.

"Mume wangu, unasikia?" alisema, uso umemchanua. "Hata fundi yupo jirani. Nguo za mtoto tutashona hapahapa."